Naomba ushauri: rangefinda na picha za karibu
Habari wakuu. Nina Leica M3, kamera ya filamu yenye rangefinda (kifaa cha kupimia umbali wa fokasi kupitia dirisha la kutazamia), na lenzi ya skrubu ya milimita 50, ambayo pete yake ya fokasi inagota kwenye mita 1. Kwa maua hapo ni mbali mno. Nafikiria kufunga mbele kioo cha kukuzia cha dayopta 2 (kipimo cha nguvu ya kioo): lenzi ikiwa kwenye infiniti, yaani umbali wa mwisho kabisa, fokasi inaangukia sentimita 50. Tabu ni kwamba rangefinda haitambui kioo hicho, kwa hiyo ni kupima umbali kwa futi ya kupimia, na fremu ninayoiona dirishani inadanganya, maana dirisha haliko mahali pamoja na lenzi. Mliojaribu, mnafidiaje tofauti ya dirisha na lenzi? Tundu la lenzi la f/8 linatosha kwa kina cha fokasi? Au nitafute Summicron Dual Range, lenzi ya Leica ya kupiga hata karibu, yenye miwani yake ya kuwekwa mbele ya dirisha? Kuhamia dijitali sitaki, tafadhali.