Mwembe wa Pangani: ukatwe au ufungwe?

*Kikundi: Wajukuu wa Bibi, Pangani*

Alhamisi

Athumani: Assalaam alaykum wote. Upepo wa usiku wa kuamkia leo umeufungua mwembe. Ile panda kubwa, kati ya tagaa la kisimani na tagaa linaloelekea kwa jirani, pamepasuka. Natuma picha. Nimeshaongea na mwenye chenso, anakuja Jumamosi. Na kuna mtu anataka gogo la kuchongea ngalawa, anatoa pesa nzuri. Naomba ridhaa yenu.

Athumani: [picha 3]

Hamisi: Waalaykum salaam. Mjomba shikamoo. Ni ule wa dodo??

Athumani: Marahaba. Kwani tuna mwingine?

Bi Zuhura: Athumani, mti huo kaupanda marehemu baba mimi sijazaliwa. Usiguswe mpaka nije.

Athumani: Dada, mimi siuchukii. Lakini wewe uko Tanga, anayelala chini yake ni mimi. Mwaka 2024 kilipotangazwa kimbunga Hidaya nililala macho nasikiliza matawi. Na watoto wa chuo wanasomea pale kivulini kila alasiri. Tagaa likimwangukia mtoto wa watu, nitakwenda kusema nini kwa wazazi wake?

Kombo: Mjomba ana hoja. Poleni. Sisi huku Muscat tutachangia gharama ya kukata.

Nasra: Shikamooni wakubwa. Mjomba, watoto wahame leo hii, hata kama hamjaamua jambo lolote. Mikeka iende barazani upande wa pili, na pikipiki zisiegeshwe pale. Hilo halina gharama na linaondoa nusu ya hofu. Mti ukianguka mahali pasipo na mtu ni kuni tu.

Athumani: Marahaba mwanangu. Hilo nimelifanya tangu asubuhi.

Nasra: Ahsante. Sasa ile picha ya pili, naomba nyingine ya karibu zaidi. Nataka kuona panda yenyewe imekaaje. Matagaa yameachana kwa kupinda taratibu, au yamesimama yamebanana?

Rajabu: Nipo hapa na ngazi. Yamebanana. Gome la huku na gome la kule yameingia ndani yanagusana, limebaki jeusi, na maji yanachuruzika. Ufa kwa juu unaingiza kidole kizima, ukishuka kama mkono mmoja unaingiza ukucha tu, halafu unapotea. Sisimizi wamejaa.

Nasra: Basi ndiyo ugonjwa wake wa siku zote. Mahali gome lilipoingia katikati, mbao za matagaa mawili hazijawahi kushikana. Zimekua zinasukumana miaka yote hiyo. Upepo umemalizia tu. Kazi yangu huku Uingereza ni hii hii, binamu, kila wiki tunaziona.

Hamisi: Na mnazikata?

Nasra: Nyingine tunakata. Nyingi tunapunguza uzito kisha tunafunga. Kule Sherwood Forest, si mbali na hapa Nottingham, kuna mwaloni unaitwa Major Oak, unakadiriwa kuwa na miaka 800 mpaka zaidi ya 1000. Ndani ni mtupu kabisa. Walianza kuufunga minyororo mwaka 1908, leo matagaa yake yamelazwa juu ya nguzo za chuma. Nimeenda kuuangalia mara nyingi kuliko nilivyokwenda London 😂

Athumani: Mwaloni wa Ulaya hauna mchwa wa Pangani. Na mti mkubwa ni mkubwa tu mpaka siku yake. Ule msufi wa Freetown, Sierra Leone, wa miaka mia nne hivi, kila mtu akiuenzi, ukachorwa hata kwenye noti zao. Mei 2023 mvua ya usiku mmoja ukalala chini.

Nasra: Kweli kabisa mjomba. Waya hautibu, na mti ukishaoza miguuni hata ufungwe kwa minyororo ya meli utakwenda. Ndiyo maana nataka tuukague kwanza. Tukikuta msingi umeoza, mimi mwenyewe nitasema ukatwe, na mama mkubwa atanisamehe.

Bi Zuhura: Sitakusamehe lakini endelea.

Nasra: 😂 Rajabu, zunguka shina lote chini. Tafuta uyoga mgumu uliojishikiza kwenye gome au kwenye mizizi. Tazama upande ule mti unakoegemea na upande wa nyuma yake: udongo umeinuka au umepasuka? Halafu chukua nyundo ugonge shina kuanzia chini mpaka kifuani, pole pole, usikilize.

Rajabu: Nipeni dakika.

Hamisi: Wakati tunasubiri. India kuna mti mkubwa jamii ya mikuyu, Pillalamarri, kule Telangana. Ulishambuliwa na mchwa, tagaa likaanguka, basi 2018 wakauwekea DRIPU. Chupa zinaning'inia kwenye matawi, sindano ndani, dawa ya wadudu inatiririka. Wakaweka na nguzo za kuyabeba matagaa. Mimi hospitali niliambiwa chupa zimeisha 😭

Kombo: Hahaha. Sasa si tujaze saruji kwenye ufa? Nyumbani kwetu mzee alijaza shimo la mkorosho kwa saruji na kokoto.

Nasra: Shemeji, usifanye hivyo. Zamani ilikuwa kazi ya kawaida hata Ulaya na Marekani, imeachwa. Saruji haipindi, mti unapinda. Kila upepo ukija inasugua, na maji yanabaki kati ya saruji na mbao, hapo ndipo uozo unapopata makao. Rangi na lami kwenye kidonda pia hazisaidii. Mti wenyewe unajijengea ukuta kwa ndani.

Rajabu: Nimerudi. Uyoga hakuna. Udongo haujainuka popote. Nyundo inalia vizuri pande zote isipokuwa sehemu moja usawa wa kiuno, upande wa kisima, palipokatwa tawi zamani. Pale panatoa mwangwi. Kuna kitundu, nimeingiza nondo nyembamba, imezama halafu ikagota.

Nasra: Imezama kiasi gani, na unene wa shina pale ni kiasi gani?

Rajabu: Nondo sentimita 14. Shina, nimepima kwa kamba kuzunguka nikagawa, linakuja kama sentimita 95 kwenda upande wa pili.

Nasra: Sawa. Sisi tuna kipimo cha haraka: ukuta wa mbao nzima uliobaki kuzunguka uozo ukiwa chini ya theluthi moja ya nusu ya unene, anza kuogopa. Nusu ya 95 ni 47 na kitu, theluthi yake ni kama 16. Hapo penye kitundu uozo umeingia hizo 14, ila pande nyingine nyundo imesema pamejaa. Si sheria ya mahakamani, ni kipimo cha kuanzia. Kwa hiyo shina linabeba. Tatizo ni panda.

Athumani: Haya. Tuseme hivyo. Basi nikate kichwa chote juu, kibaki kisiki kirefu chenye matagaa mafupi, uzito uishe. Mwenye chenso anasema nusu siku tu.

Nasra: Mjomba nakuomba, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Ukikata kichwa, mti unafanya fujo ya machipukizi pale pale kwenye kidonda. Yanakua haraka, marefu, yamejishika kwenye ganda la nje tu. Baada ya miaka michache unakuwa na matawi mazito juu ya mbao zilizooza. Afadhali uukate wote.

Bi Zuhura: Kwa jirani yangu hapa walifanya hivyo kwa mwarobaini. Ukaangukia choo.

Ijumaa

Nasra: Mmeamkaje. Nimeandika mpangilio jana usiku, naomba mnivumilie ni mrefu. Kwanza kupunguza. Tunakwenda kwenye ncha za tagaa linaloelekea kwa jirani, ambako uzito una nguvu zaidi kwa sababu uko mbali, tunapunguza matawi mpaka kwenye tawi dogo linalobaki hai, lenye unene usiopungua theluthi ya lile tunalokata. Hatuachi vipande vimechomoza, wala hatukwangui shingo ya tawi. Jumla majani yanayoondoka yasizidi robo. Na ifanyike sasa, kabla haujaanza kuweka maua. Hiyo si kazi ya chenso, ni ya mkwezi mwenye msumeno wa mkono na kamba kiunoni.

Rajabu: Yupo. Anakwea minazi yote ya huku. Ila yeye akiona tawi anataka kulimaliza.

Nasra: Basi simama chini umwelekeze kwa kidole. Pili, waya. Upite juu, kiasi cha theluthi mbili ya urefu kutoka kwenye panda kwenda nchani. Ukiuweka chini karibu na ufa haufanyi kazi yoyote. Na MSIZUNGUSHE waya kwenye tagaa.

Kombo: Mbona watu wote wanazungusha?

Nasra: Na matagaa yao yanakauka. Chakula kinachotoka kwenye majani kinashuka kwenye ganda la ndani la gome. Tagaa linanenepa, waya haunenepi, unazama na kukaba. Tunatoboa katikati ya tagaa, tunapitisha bolti yenye pete upande wa ndani, nje tunaweka washa pana na nati. Waya unafungwa kwenye pete.

Bi Zuhura: Mwanangu, kuutoboa mti unaoumwa?

Nasra: Mama mkubwa, tundu moja jembamba mti unalizunguka kwa mbao mpya. Kidonda cha mzunguko mzima ndicho kinachoua. Na pale kwenye panda yenyewe tunapitisha fimbo ya chuma yenye nyuzi za kukazia nati, moja juu kidogo ya panda na moja chini yake, ishike ufa usiendelee kushuka. Matundu yasifuatane kwenye mstari mmoja wa wima, mbao itapasuka kufuata mstari huo.

Rajabu: Hiyo fimbo ninayo, ya milimita 20. Waya ukaze vipi? Nina ile ya kukazia nyaya za minara.

Nasra: Kaza baada ya kupunguza matawi, si kabla, na uondoe ulegevu tu. Usivute matagaa yarudiane, ufa wa kule juu hauwezi kuziba tena. Kila kitu kiwe kimepakwa zinki, bahari haiko mbali hapo.

Athumani: Na lile tagaa la kisimani, lililolala? Hilo halina cha kufungiwa juu.

Nasra: Hilo ndilo la nguzo, mjomba. Bomba la chuma, kichwani limechomelewa sahani iliyokunjwa kufuata umbo la tagaa, ndani yake kipande cha tairi kisiumize gome. Chini, kitako cha zege, lakini mchimbe mahali ambapo hamtakata mzizi mnene. Mizizi mingi inayolisha haiko chini sana, iko kwenye nusu mita ya juu, na inaenda mbali kupita kivuli. Nguzo iguse tagaa, isilisukume. Huku watu wengi wanapenda kuinua, tagaa linavunjika juu ya nguzo yenyewe.

Rajabu: Bomba la inchi 3 lipo kwa mtu wa chuma chakavu. Kuchomelea ni bure, nitakula maembe.

Hamisi: Rajabu ametoa sadaka ya maembe ya watu.

Athumani: Nauliza la msingi. Vyote hivyo vikifanyika, nirudishe watoto chini yake?

Nasra: Mimi nisingerudisha, mjomba. Sio pale kwenye mstari wa panda. Mwaka mzima kwanza, tuone. Na ule Major Oak umezungushiwa uzio tangu miaka ya 1970, kwa sababu miguu ya watu ilikuwa inashindilia udongo, mizizi inakosa hewa. Kwa hiyo mikeka na pikipiki kuhama ni dawa pia. Patandazieni majani makavu, yasiguse shina.

Athumani: Na mwaka hadi mwaka nani anakagua?

Nasra: Rajabu kila kabla ya masika, na baada ya kila upepo mkali. Kutazama nati, waya, ufa. Apige rangi mstari mwisho wa ufa leo hii, ukivuka mstari tutajua. Kama ukivuka, tumwite huyo wa chenso, na sitabishana.

Rajabu: Nimeshapiga. Rangi nyekundu ya geti.

Bi Zuhura: Natuma laki mbili kwa simu. Athumani, pokea, na usinitumie picha ya kisiki.

Kombo: Mimi nalipia bomba, zege na mkwezi. Zile za kukatia ndizo hizo hizo.

Athumani: Ahsanteni. Nimemwambia wa chenso asije Jumamosi. Yule wa ngalawa nimemwambia arudi mwakani, sikumkatalia.

Bi Zuhura: ATHUMANI.

Athumani: Dada, tumekubaliana tutaangalia mstari.

Rajabu: Wakubwa samahani, jambo moja. Biti yangu ya kutobolea inafika sentimita 20 tu, na pale kwenye panda nahitaji hamsini na zaidi. Tanga mjini nimeulizia, hamna.

Hamisi: Kesho nashuka Kariakoo. Nitumie picha ya mkia wake nisije nikanunua ya zege.