Wajuzi wa wiski njooni: hii inanuka dawa ya hospitali, ndivyo ilivyo au nimeletewa feki?

mtu_wa_bia: Wakuu habari za wikendi. Shemeji yangu anaishi Dublin, kaja likizo kaniletea chupa mbili, Redbreast ya miaka 12 na Laphroaig ya miaka 10. Mimi ni mtu wa bia, wiski naijua ile ya kuchanganya na Coke kwenye masherehe. Redbreast iko poa, ina kautamu fulani, ila hii ya Scotland yenye chupa ya kijani jamani, nimefungua tu kifuniko sebule nzima ikanuka bandeji na aidini, waifu kutoka jikoni anauliza nani kaumia. Ndo ilivyo au imechakachuliwa? Jumamosi shemeji anarudi tuzionje pamoja, sitaki kuaibika, watu wanaanzaje? Wale wa pombe ni haramu nawaheshimu ila leo mnipitie tu.

Kata_Kiu: Weka barafu, mwagia Coke, kunywa. Hayo ya kunusanusa waachie wenyewe 😂

Mzee Kavu: Mkuu achana na huyo hapo juu. Hiyo ni orijino. Mi niko Glasgow, naijua. Laphroaig inatoka kisiwa cha Islay, kule kuna udongo mweusi wa kinamasi, wanaukata vipande wanaukausha halafu wanauchoma, ule moshi ndo unapita kwenye kimea cha shayiri wakati kinakauka. Ni kama maziwa ya kwenye kibuyu kilichofukizwa, moshi umeingia mapema na hautoki tena. Lagavulin na Ardbeg nazo za hukohuko.

Redbreast sasa, ile inatengenezwa Midleton, Cork, huko Ireland. Wanachanganya kimea na shayiri ambayo haijaoteshwa, wanaichemsha mtamboni mara 3, wakati Scotland wengi huishia mara 2. Huo utamu wa zabibu kavu unaousikia ni wa mapipa yaliyowahi kuwekwa sheri, ile wain kali ya Hispania.

Binti Chumbageni: Mzee Kavu uko sahihi ila tusimpoteze mgeni akadhani Scotland yote ni moshi. Glenlivet na Glenfiddich za Speyside ni laini, matunda matunda. Na Ireland wapo wanaofukiza, tafuta wiski inaitwa Connemara. Hata hiyo mara 3, Auchentoshan ni ya Scotland na wanachemsha mara 3.

Kuonja sasa: anzeni na Redbreast, mkianza na Laphroaig ulimi umekwisha, hamtasikia kitu kingine. Glasi iwe imebana juu, ya wain ndogo inatosha, mimina kidogo tu. Usitumbukize pua kama unanusa mchuzi, hiyo ni asilimia 40 itakuchoma, shika glasi chini ya pua na mdomo uache wazi kidogo. Funda la kwanza dogo, lizungushe mdomoni kabla ya kumeza, la kwanza huwa linaunguza tu, ladha inakuja kwenye la pili. Halafu chukua kijiko cha chai, dondoshea maji matone mawili matatu, nusa tena, utashangaa ilivyofunguka. Hapo hata Laphroaig ule udawa unapungua unaanza kusikia utamu na chumvichumvi. Barafu iacheni siku hiyo, baridi inaua harufu.

Kata_Kiu: Kumbe kuna shule 😅 naomba mwaliko.

mtu_wa_bia: Asante dada, asante mzee. La mwisho, hii ya 10 nikiificha miaka 2 itakuwa 12?

Mzee Kavu: Hapana mkuu, miaka inahesabika ikiwa pipani tu, ikishaingia chupani imegoma hapohapo. Sheria ya nchi zote mbili ni angalau miaka 3 kwenye pipa, na hiyo namba unayoiona ni umri wa ile changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Ukishafungua funga vizuri na uisimamishe, usiilaze kama wain, pombe kali inakula kizibo.

mtu_wa_bia: Ilikuwa imelala kabatini, nimeshaisimamisha.