Nani aliwaambia SNMP v1, ile njia ya zamani ya kusoma takwimu za vifaa vya mtandao, inafaa kwenye laini ya giga moja??

Wakuu leo nina hasira, mniache niongee. Wiki tatu nzima nimegombana na watu wa laini, nimebadilisha kebo, nimebadilisha swichi, watumiaji wanalia neti inakwama kila saa nne asubuhi, na mimi nikifungua grafu naona trafiki haifiki popote, mara Mbps 30 mara 80 mara 105, kwenye laini ya Gbps 1, nawajibu kwa kujiamini kabisa laini iko tupu tatizo ni kompyuta zenu. Kumbe laini imejaa hadi shingoni, grafu ndiyo inayodanganya!

Sasa sikieni upuuzi wenyewe. Aliyefunga huu mfumo wa bure wa kuchora grafu za trafiki kabla yangu alikopi templeti mtandaoni akaiacha na SNMP v1, kila dakika 5 inaenda kusoma ifInOctets, kaunta ya baiti zinazoingia. Hiyo kaunta ni ya biti 32, ikifika baiti bilioni 4.29 inaanza tena sifuri. Laini ya giga ikijaa, kaunta inazunguka kila sekunde 34 hivi, yaani ndani ya dakika 5 imezunguka karibu mara 9 na programu inajua imezunguka mara moja tu. Pigeni hesabu wenyewe, grafu ya hivyo haiwezi kuvuka Mbps 114 au 115 hata ufanyeje.

Dawa ni ifHCInOctets, kaunta ya kazi ileile ila ya biti 64, na lazima uhamie SNMP v2c au v3 maana v1 haiijui kabisa. Nimebadilisha, dakika kumi hazijaisha mstari uko 940. Nilikaa kimya nikaona aibu. RFC 2863, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2000, inasema laini ikizidi Mbps 20 tumia kaunta ya 64, mwaka 2000 jamani, halafu mpaka leo watu wanasambaza miongozo ya v1 na kwenye maoni huko chini wengine wanashukuru eti "imekubali mkuu". Imekubali nini??

(Na neno la siri la SNMP limeachwa "public", linapita wazi kwenye waya, ukiwasha Wireshark, programu ya kunasa trafiki, unalisoma hilo hapo. Hilo tutalizungumza siku nyingine.)

Kinachoniuma zaidi bosi anasema "nilijua tu, vitu vya bure hivyo", anataka tununue mfumo wa leseni. Mzee, huo wa leseni nao ukiupa kaunta ya 32 kwa dakika 5 utakudanganya vilevile, ila huo utakuletea na ankara.

Mwenye laini ya giga ambayo grafu yake haijawahi kuvuka 115 akaangalie sasa hivi. Na wewe uliyeandika ule mwongozo wa v1 wenye hiyo templeti, kama uko humu, ufute.