Mjadala: Uchumi ukidorora, serikali ipunguze wafanyakazi?

Mleta mada: Wadau, kila uchumi unapoyumba wimbo ni uleule: makusanyo ya kodi yameshuka, basi watumishi wa umma wapunguzwe. Napinga, na nitasema kwa nini.

Chukua muuguzi mmoja aliyepewa barua ya kuachishwa kazi. Hazina haibaki na mshahara wake wote. Kodi aliyokuwa akikatwa inakoma, mchango wake wa hifadhi ya jamii unakoma, na mafao yake lazima alipwe. Mwenye duka alikokuwa akinunua mahitaji anauza kidogo, naye analipa kodi pungufu. Wodini, wenzake waliobaki wanagawana wagonjwa wake. Sasa zidisha mara elfu kadhaa, wakati ambapo kampuni binafsi nazo zinapunguza watu. Hao wote wataajiriwa na nani?

Mwaka 1937 Marekani ilikuwa inanyanyuka kutoka Mdororo Mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930. Rais Roosevelt akataka bajeti isawazike, matumizi yakakatwa, na benki kuu nayo ikabana fedha. Ukosefu wa ajira ukapanda kutoka takriban asilimia 14 hadi 19 mwaka uliofuata. Ugiriki nao walianza kubana matumizi 2010 ili deni lipungue. Kufikia 2013 wasio na kazi walipita asilimia 27, na deni, lililokuwa takriban asilimia 127 ya pato la taifa mwaka 2009, lilivuka 170, licha ya wadai kusamehe sehemu yake 2012. Pato lenyewe lilikuwa limenywea.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, Ugiriki hawakuwa na hiari, hakuna aliyekuwa tayari kuwakopesha kwa riba inayolipika. Serikali isiyokopesheka italipa mishahara kwa fedha gani? Ikichapisha noti, mfumuko wa bei utamla huyohuyo muuguzi. Latvia, kule Ulaya, uchumi ulianguka kwa takriban asilimia 14 mwaka 2009, wakakata mishahara ya umma bila huruma, na 2011 walikuwa wanakua tena. Halafu kuna suala la haki. Aliyeachishwa kiwandani bado analipa kodi kila anaponunua kitu. Kwa nini yeye aumie peke yake?

Mleta mada: Hilo la haki nalikubali kabisa, ndiyo maana sitetei posho wala mishahara minono ya wakubwa. Lakini Latvia usisahau waliofungasha wakahama nchi. Aliyehama hahesabiwi tena miongoni mwa wasio na kazi. Njia nyingine ipo. Ujerumani, mwaka huohuo wa 2009, uchumi ulishuka kwa zaidi ya asilimia 5, lakini waajiri walipunguza saa badala ya watu, serikali ikafidia sehemu ya mshahara uliopotea. Zaidi ya watu milioni moja walikuwa kazini chini ya mpango huo.

Mchangiaji wa pili: Naongeza moja tu: wanaoachishwa kwanza huwa wa mikataba na wa ngazi za chini. Na ukipunguza wakaguzi wa kodi, umejikatia mapato mwenyewe.

Mchangiaji wa kwanza: Sawa, tusikate wakati wa dhiki. Je, miaka ya neema, makusanyo yamejaa na uchaguzi unakaribia, nani atakubali kuweka akiba?

Mleta mada: Chile walikubali. Tangu 2001 wana kanuni inayopima matumizi kwa mapato ya kawaida, si kwa bei ya mwaka huo ya shaba, madini yao makuu ya kuuza nje. Shaba ilipopanda bei waliweka akiba, na 2009 wakaitumia kuchochea uchumi. Kanuni kama hiyo ndiyo ningependa tuijadili, kabla barua za kuachisha watu hazijaanza kuchapwa.