Tupeane uzoefu: Gari halikuja na tairi la spea, unabeba nini ukitoka Dodoma?

Kizota_B
Wakuu, salaam. Aqua, Demio, Note, Fit na ndugu zao wengi kutoka Japani wanafika na kompresa ndogo na chupa ya dawa ya pancha pale ambapo spea ingekaa. Kati ya Nzuguni na Area D hilo halimuumizi mtu, fundi pancha yuko kila kona. Ukishika njia ya Mtera, Kondoa au Manyoni ni habari nyingine. Uzi huu ni kwa wanaoijua kazi: saizi, nati, mahali pa kuiweka, kinachogoma na sababu yake. Visa vya kukwama porini tumeshavisoma vya kutosha, leo leteni vipimo.

FundiPancha_Majengo
Nianze na hiyo chupa, maana wengi wanaihesabu kama spea. Tafuta tarehe iliyochapwa ubavuni mwake. Dawa nyingi hudumu miaka 4 au 5, na gari letu la mtumba likitua bandarini limeshapita umri huo zamani. Dawa iliyokufa hugawanyika: maji juu, utomvu mzito chini. Ukiisukuma inaziba vali, tundu linabaki wazi. Ikiwa nzima inafaa tundu lisilozidi mm 4, tena sehemu ya kukanyagia tu. Ubavu ukichanika, chupa haina kazi.

Ukiitumia, usichomoe mwiba wala msumari. Jaza dawa, pampu hadi upepo wa kawaida, ondoka hapo hapo uendeshe kama km 5 bila kuvuka km 80 kwa saa ili dawa isambae, kisha simama upime. Toyota wanaelekeza kwamba ukikuta upepo uko chini ya kPa 130, yaani kama psi 19, usiendelee. Na ukifika kwa fundi mwambie kabla hajafungua tairi kwamba lina dawa. Lazima lioshwe kwa maji na kukaushwa, la sivyo kiraka hakishiki.

Huku kwetu kuna la ziada, miiba ya migunga. Ukipita kando ya boma lililozungushiwa miiba, au ukakata njia ya ng'ombe, unaweza kuokota minne mitano kwenye matairi mawili kwa mpigo. Ncha zinakatikia ndani ya mpira, juu huoni kitu, upepo unashuka taratibu usiku kucha. Dawa inaweza kuzuia kwa muda, lakini ncha inabaki. Tairi likifunguliwa, fundi apitishe kitambaa ndani mzunguko mzima; kinaponasa ndipo penye mwiba. Akikwambia aweke tyubu ndani ya tubeless (tairi lisilotumia tyubu) bila kutoa ncha, kataa. Ncha ile ile itaitoboa tyubu, na tyubu ndani ya tairi hilo inasuguana na kupata joto ukienda kasi.

Ekseli_Chamwino
Tuje kwenye spea yenyewe. Watu wanaingia dukani kuulizia "rimu ya 15 ya matundu manne", wanalipa, wanaondoka. Matundu manne ni mwanzo tu. Linganisha PCD (kipenyo cha duara la matundu ya nati), tundu la kati, uzi wa nati, kikalio cha nati (pale nati inapokalia rimu), na kipenyo cha tairi zima.

Aqua, Vitz, Passo, Demio, Note na Fit zote ni 4x100, yaani matundu manne kwenye duara la mm 100, na hapo ndipo penye mtego. Tundu la kati kwa hizo Toyota (Aqua, Vitz, Passo) na kwa Demio ya Mazda ni mm 54.1. Fit ya Honda ni 56.1. Note ya Nissan ni 60.1. Kwa hiyo rimu ya Vitz inakaa kwenye Demio vizuri, lakini kwenye Fit inagota kwenye shingo ya habu (kitovu ambacho rimu hufungwa), haiingii hata ukiipiga teke. Rimu ya Note inaingia kwenye Aqua ila ina nafasi ya mm 6, na kitakachoiweka katikati ni koni za nati peke yake. Tafuta ringi ya plastiki ya kujazia, 60.1 nje na 54.1 ndani. Kama hakuna, kaza nati zote kwa mkono tairi likiwa bado hewani, kwa kuvuka, huku unalitikisa likae sawa. Ukishusha gari nati zikiwa bado zinacheza, rimu inakaa upande na usukani utatetemeka.

Uzi wa nati: Toyota, Honda na Mazda ni M12x1.5, Nissan na Subaru ni M12x1.25. Nati ya Nissan kwenye stadi (boliti ya habu) ya Toyota huingia mizunguko michache halafu inakaza. Anayeongeza nguvu hapo anaharibu stadi, na stadi ya Aqua huipati Kintinku saa mbili usiku.

Kikalio ndicho kinachosahaulika zaidi. Rimu nyingi za chuma zinataka nati ya koni. Honda za kiwandani zinataka nati yenye kikalio cha duara. Baadhi ya rimu za aloi za Toyota hutumia nati yenye washa bapa, na hiyo nati haikamati vizuri kila rimu ya chuma. Nunua nati 4 zinazoendana na rimu ya spea, zifunge kwenye mfuko, uzibandike kwa tepu kwenye spea yenyewe. Zikikaa kwenye droo ya mbele zitapotea tu.

Kipenyo kinahesabiwa hivi: upana zidisha kwa asilimia ya kimo, zidisha mara mbili, ongeza inchi za rimu mara 25.4. Tairi la 175/65R15 (upana mm 175, kimo asilimia 65, rimu inchi 15) linatoa mm 608. 185/60R15 ni 603. 165/70R14 ni 587. 175/65R14 ni 583. Aqua iliyovaa 175/65R15 inaweza kubeba 185/60R15 bila wasiwasi. 165/70R14 inapungua karibu asilimia 3.6; kwa nyuma, mwendo mdogo, itakufikisha kwa fundi. Ila ukiteremka kwenye rimu ya 14 kuna swali la breki. Ivalishe mbele ukiwa nyumbani, uizungushe kwa mkono mzunguko mzima. Kama inagusa kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki) utasikia.

Dada_Iyumbu
Kaka Ekseli, na zile spea nyembamba za rimu ya njano? Zinauzwa rahisi na zinaingia kwenye shimo la buti.

Ekseli_Chamwino
Dada, zinafaa, ila soma ubavuni. Herufi T mwanzoni ina maana ni la muda. Upepo wake ni kPa 420, kama psi 60, mara mbili ya tairi la kawaida, na mwendo usivuke km 80 kwa saa. Wengi huzijaza psi 32 kwa mazoea, zinalala na kupata moto.

Kipenyo ndicho kinachowaangusha. T125/70D15 ni mm 556 tu. Kwenye gari la mm 608 hiyo ni pungufu ya zaidi ya asilimia 8. Ukiivalisha mbele kwenye gari linalovuta kwa mbele, tairi dogo linazunguka haraka kuliko mwenzake na difu (gia zinazogawa nguvu kwa matairi mawili) inafanya kazi muda wote hata njia ikiwa imenyooka. Ndiyo maana pancha ya mbele hubadilishwa mara mbili: toa tairi zima la nyuma ulipeleke mbele, ile nyembamba ikae nyuma. Ni jasho, lakini difu inapona. Kwenye gari linalovuta matairi yote manne usiende nayo mbali hata kidogo.

Na njia ya changarawe siyo yake. Ukuta ni mwembamba, rimu iko karibu na mawe.

Buti_Wazi
Mahali pa kuiweka. Nyanyua zulia la buti, toa trei ya foamu, angalia chuma cha chini. Magari mengi yana shimo la duara, kwa sababu bodi hiyo hiyo iliuzwa pia na spea kama nyongeza, na baadhi yana nati iliyochomelewa katikati ikingoja boliti yake. Pima kina cha shimo kabla ya kununua. Spea nyembamba ina upana wa sentimita 12 hadi 14. Tairi la 175 linafika karibu sentimita 18, kwa hiyo sakafu ya buti itanyanyuka. Kata mbao laini au foamu ngumu uinue kingo zote kwa kimo kimoja, sakafu isining'inie upande.

Fit haibridi ya GP1 usihangaike, betri kubwa iko chini ya sakafu ya buti na shimo halipo. Hapo spea inasimama nyuma ya siti au inalala juu ya sakafu, na lazima ifungwe. Tairi zima na rimu ya chuma la inchi 15 lina uzito wa kama kilo 15. Breki ya ghafla ikipigwa, kilo hizo zinakuja mbele kwenye migongo ya watoto. Tumia mkanda wa kukazia wenye meno, upite ndani ya matundu ya rimu, ufungwe kwenye vilingi viwili vya chuma vya kufungia mizigo. Kamba ya katani inalegea, na lastiki ya pikipiki ndiyo mbaya zaidi.

Wenye Aqua na Prius: kuna tundu la hewa ya kupoza betri kwenye eneo la siti ya nyuma. Spea, begi au blanketi lisilizibe. Joto la Dodoma la Oktoba na Novemba pamoja na betri isiyopumua ni gharama kubwa kuliko matairi manne mapya. Na asitokee fundi wa kuchomea akatoboa sakafu ili apitishe boliti kabla hajalala chini kuangalia kuna nini: tangi, ekzosi, au nyaya nene za rangi ya chungwa. Hizo za chungwa zina umeme mkubwa.

Mjini_Tu
Mnatisha watu bure. Anayezunguka Ihumwa, Mtumba na mjini hahitaji kilo 15 nyuma kila siku. Kompresa nzuri na nyuzi za kuzibia pancha zinatosha. Chomoa mwiba, sugua tundu kwa kile chuma chenye meno, pitisha uzi wenye gundi kwenye sindano, sukuma theluthi mbili iingie, vuta sindano kwa nguvu mara moja, kata mkia ubaki mm 3 hivi. Pampu, paka maji ya sabuni, angalia mapovu.

FundiPancha_Majengo
Mkuu Mjini, kwa mjini nakubali. Ongeza mawili. Tundu la mwiba ni jembamba, kwa hiyo usilisugue mno, na ukikuta mwiba uko ubavuni usizibe kwa uzi, mpira wa pale unajikunja kila mzunguko na uzi utatoka. Pili, angalia fyuzi ya soketi ya sigara. Nyingi ni ampea 15, na kompresa kubwa zinaikata. Zile za kubana moja kwa moja kwenye betri ni salama zaidi. Kompresa ndogo uipumzishe kila baada ya dakika 10, silinda yake inaungua.

Njia_ya_Mtera
Jeki! Gari lililouzwa bila spea mara nyingi halina jeki wala wilispana, na mwenye gari anagundua akiwa na spea mpya mkononi. Soketi: Toyota, Nissan na Mazda 21, Honda na Subaru 19. Tafuta jeki yenye mfereji juu unaoingia kwenye mkunjo wa chuma chini ya mlango, kati ya alama mbili. Ukiweka jeki bapa hapo unapinda mkunjo. Beba kipande cha mbao cha sentimita 30 kwa 30, unene 3 au zaidi. Kwenye mchanga wa kando ya barabara jeki bila mbao inazama badala ya gari kupanda.

Legeza nati tairi likiwa chini, nusu mzunguko tu. Haibridi izimwe kabisa, isiachwe READY (taa ya dashibodi ya kwamba gari liko tayari kwenda), injini inaweza kuwaka yenyewe. Zuia kwa jiwe tairi la pembe ya mkabala na lile unalotoa. Nati za gari dogo la Toyota hukazwa kwa nguvu ya Nm 103, Honda Nm 108. Usisimame juu ya wilispana. Rudia kukaza baada ya km 50 hivi.

Kizota_B
Na wenye BMW zenye run-flat, yale matairi yanayotembea hata bila upepo?

Njia_ya_Mtera
Run-flat ikiisha upepo inakupa umbali wa kama km 80 ukienda km 80 kwa saa, na hiyo ni kwenye lami nzuri. Kutoka Dodoma inakuvusha Bahi, Manyoni hufiki. Wengi wakishabadilisha na kuweka matairi ya kawaida kwa sababu ya bei wanabaki hawana run-flat, chupa wala spea. Hao wanahitaji spea kuliko mwenye Aqua. Wakumbuke pia kwamba BMW inatumia boliti, siyo nati, na boliti ya rimu ya aloi inaweza kuwa ndefu mno kwa rimu ya chuma. Ikizidi inagusa vitu nyuma ya habu. Beba za urefu sahihi.

Ekseli_Chamwino
La mwisho kutoka kwangu, umri. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Spea ya mtumba inaweza kuwa na meno mapya na mpira uliokauka. Ikunje kidogo pembeni, ukiona mipasuko midogo kama ya udongo wa mbuga, iache. Spea ya saizi kamili ijaze psi 40, kwa kuwa inapoteza psi 1 au 2 kwa mwezi, kisha punguza siku unayoivalisha. Na ilaze vali ikiwa juu, uweze kupima bila kuitoa.

Dada_Iyumbu
Nina Demio ya 185/65R15. Rimu ya chuma ya Vitz ya 15 na tairi la 185/60?

Ekseli_Chamwino
Tundu la kati sawa, uzi sawa. Kipenyo 622 kwa 603, pungufu asilimia 3. Weka nyuma, nenda taratibu. Ukipata 175/65R15 utapunguza hiyo tofauti kidogo.