Kamera tatu, harusi ya masaa matano: ninunue mashine ipi ya kuediti nyumbani, na programu ipi?

Mpiga Picha wa Kihonda
Habari za leo wakuu. Naomba ushauri kabla ya Jumamosi, kuna mtu wangu anakwenda Kariakoo na nimempa pesa ya kompyuta. Narekodi harusi na sendofu hapa Morogoro, mara moja moja na jubilei za kanisani. Mpaka sasa kazi nampelekea jamaa anieditie mjini, anakaa nayo wiki tatu, na lawama za wateja zinakuja kwangu. Nataka nifanye mwenyewe nyumbani. Nimewekewa mashine mbili, HP Z440 yenye prosesa ya Xeon na nyingine yenye prosesa ya i5, bei zimekaribiana sana. Programu nayo wengine wananiambia Premiere, wengine DaVinci Resolve. Ipi itabeba kamera tatu kwa pamoja bila kukwama?

FundiRam
Karibu mkuu, ila hapo bado hujasema kitu. Xeon ipi? i5 ya kizazi cha ngapi? RAM kiasi gani, kadi ya grafiki ipo? Kamera gani, na unarekodi 4K au HD? i5 ya 2012 na i5 ya 2022 zinafanana jina tu.

Bint Makunduchi
Na diski je? Watu husahau diski halafu wakalaumu prosesa.

Mpiga Picha wa Kihonda
Samahanini, nilikuwa na haraka. Xeon ni E5-1650 v4, RAM 32, kadi Quadro K2200 ya GB 4. i5 ni 12400, RAM 16, haina kadi. Kamera ni Sony a6300 mbili, HD fremu 25 kwa sekunde, Mbps 50. Ya tatu ni simu, inakaa kwenye stendi nyuma ya ukumbi inachukua ukumbi mzima. Toka maharusi wanaingia mpaka MC anafunga ni masaa matano, wakati mwingine sita. Mteja namkabidhi HD kwenye flashi. Diski nina ya nje moja, TB 2, ile ya kuzunguka.

Nyundo wa Thika
Chukua Z440 ndugu yangu. Niko nayo huku Thika mwaka wa tatu, haijawahi kunizimikia katikati ya kazi. Ina nafasi nane za RAM, kesho ukipata pesa unaongeza tu. Power supply yake ni ya nguvu, ukitaka kadi kubwa unachomeka. Hiyo i5 ukishainunua umefika mwisho.

FundiRam
Nyundo, nakuheshimu, ila kwa kazi hii sikubaliani nawe. Faili za a6300 ni H.264, yaani namna ya kubana video, na H.264 imebanwa kiasi kwamba kompyuta inatoa jasho kuifungua, sembuse tatu kwa mpigo. Ndani ya 12400 kuna grafiki yenye Quick Sync, sehemu iliyotengenezwa mahsusi kufungua video za namna hiyo, na Premiere inaitumia. Hiyo Xeon haina grafiki ndani kabisa. Halafu Xeon hiyo ni wati 140, 12400 ni wati 65 kwa kazi ya kawaida. Anayenunua umeme wa LUKU mwenyewe anajua maana yake. Na Windows 11 haiitambui rasmi Xeon ya kizazi hicho, huku Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025.

Mkuu, mwambie mtu wako asome jina mpaka herufi ya mwisho. Ikiwa 12400F, hiyo F maana yake grafiki ya ndani haipo, na hoja yangu yote inaanguka.

Nyundo wa Thika
Umesahau K2200 iko hapo. Kadi ya NVIDIA pia hufungua H.264. Na Resolve hutegemea kadi kuliko prosesa. Umuuzie mtu mashine bila kadi halafu umwambie atumie Resolve?

FundiRam
Kadi hiyo ni ya 2014, kaka. Kwa HD itasogea, sikatai. Lakini matoleo mapya ya programu yanaziacha kadi za zamani moja baada ya nyingine.

Bint Makunduchi
Mnabishana kuhusu injini na gari halina matairi. Mimi naediti Unguja, kwenye kompyuta duni kuliko zote mbili mlizotaja. Narekodi harusi za wanawake watupu, na video zile hazitoki nje kwenda kwa mtu mwingine, ni sharti la wenyewe. Kwa hiyo kuediti nyumbani kwangu si suala la kuokoa pesa, ni lazima.

Siri ni proksi. Unaiambia programu itengeneze nakala ndogo za kila klipu, 720 inatosha, kwa kodeki (namna ya kubana video) nyepesi kama DNxHR LB au ProRes Proxy. Naziwasha usiku nikilala, asubuhi ziko tayari. Unakatakata kwa nakala, wakati wa kutoa kazi programu inarudi kwenye faili za asili. Resolve ya bure inafanya hivyo, Premiere pia.

Sasa diski. Mbps 50 ni GB 22 na nusu kwa saa. Kamera tatu, masaa matano, ni kama GB 340 kwa harusi moja, ukichukulia simu nayo inakula kiasi hicho. Kasi yenyewe si kubwa, ni MB 19 kwa sekunde. Tatizo la diski ya kuzunguka ni kichwa chake kuruka kutoka faili hadi faili, huku kamera ya kwanza, huku ya pili, huku ya tatu. Nunua SSD, diski isiyozunguka, ya TB 1 weka proksi na kazi inayoendelea. Hiyo ya TB 2 iwe ghala.

Linux Nyumbani
Mbona hakuna anayetaja Kdenlive? Ni programu ya kuediti, bure moja kwa moja, ina proksi, inalinganisha klipu kwa sauti, ina pia zana ya kamera nyingi. Mimi mambo ya kulipa kila mwezi kama Premiere nimeyaacha.

FundiRam
Kdenlive ni nzuri, ila kwa taimulaini ya masaa matano mimi ningehifadhi kazi kila dakika tano. Na mkuu, ukishawishika kuhamia Linux, jua kwamba Resolve ya bure kule haifungui H.264. Mpaka ubadilishe faili zote kwanza, au ulipie Studio, toleo lake la kulipia, dola 295 mara moja.

Mwalimu wa Kwaya
Mimi mashine nawaachia. Ninachotaka kumwonya ndugu yetu ni hiyo simu.

Tulirekodi jubilei ya miaka 25 ya ndoa ya wazee wetu fulani, kamera mbili na simu, kama wewe. Sauti nilichukua kwenye simu maana ilikuwa karibu na spika. Nikaoanisha zote tatu kwa makofi ya mwanzo, zikakaa vizuri kabisa, nikafurahi, nikaanza kukata. Kufika kama dakika ya 40 naona mchungaji mdomo umeshafunga, "amina" inakuja baadaye. Nikadhani nimesogeza kitu kwa bahati mbaya. Nikarudisha, nikaoanisha upya. Dakika ya 40 ikawa sawa, ya 10 ikaharibika. Saa ya pili wazee wanavishana pete na wimbo uko mstari mwingine kabisa.

Usiku nne. Nilikaa nikikata sauti kipande kwa kipande, kila dakika tano natafuta neno lenye P au B, naangalia midomo inapogusana, nasogeza fremu mbili, natafuta neno lingine. Mke wangu anaamka saa kumi alfajiri ananikuta pale pale, mchungaji yule yule kwenye kioo.

Baadaye kijana mmoja akanieleza. Simu hairekodi kwa idadi ya fremu kwa sekunde isiyobadilika. Taa za ukumbi zikififia inapunguza, zikiwaka inaongeza, na programu nyingi za kuediti zinahesabu kana kwamba ni 30 mwanzo mpaka mwisho. Dawa ni kuipitisha faili ya simu kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, kwanza, uchague fremu zisizobadilika, 25 kama kamera zako, ndipo uiingize. Dakika chache za kubofya zingeniokoa usiku nne.

Mpiga Picha wa Kihonda
Mwalimu, asante sana. Nilidhani ni jamaa wa mjini anaharibu, kumbe simu yangu. Na hizi Sony zinajizima kila dakika 29, hilo nalo nifanyeje?

Nyundo wa Thika
Hiyo ilitokana na kodi ya Ulaya. Kamera iliyoweza kurekodi dakika 30 na zaidi ilihesabiwa kamera ya video, ushuru juu, basi watengenezaji wakaishia 29.

Bint Makunduchi
Usiziwashe pamoja. Ya pili iwashe dakika kumi baada ya ya kwanza, zisije zikazima zote mbili pete inapovishwa. Tafuta na rekoda ndogo ya sauti, iwake mwanzo mpaka mwisho, kila kipande ukioanishe nayo. Kukatika huko kuna faida pia: saa za kamera mbili hazilingani kabisa, kwa muda mrefu zinaachana fremu moja au mbili, na kila kipande kipya kinaanza sawa.

Linux Nyumbani
Lakini masaa matano yote ya nini? Nani anaangalia? Mpe mteja dakika 40 nzuri, diski yako ipumue.

Mwalimu wa Kwaya
Mama mzazi anaangalia. Na shangazi aliyetoka Songea kwa basi anataka ajione anavyoingia na zawadi. Mimi niliwahi kukata foleni ya zawadi ikabaki dakika sita, nikarudishiwa kazi.

Nyundo wa Thika
Huku Kenya wanataka ya dakika tano ya kuweka kwenye simu. Ile ndefu wanalipia kando.

Bint Makunduchi
Kwetu ndefu ndiyo kazi yenyewe. Ukikata wimbo wa watu katikati hawakuiti tena.

Mpiga Picha wa Kihonda
Hapa Moro wanataka zote mbili kwa bei moja, ndiyo shida. Wakuu, mtu wangu nitampa flashi yenye dakika kumi kutoka kila kamera, pamoja na Resolve ya kusakinisha. Akubaliane na muuzaji azijaribu mashine zote mbili pale pale, itakayocheza tatu kwa pamoja ndiyo abebe. Nikitoa pesa ya SSD, ya UPS, ile betri ya akiba, inabaki pungufu. Kwetu umeme unakatika jioni karibu kila wiki. Nianze na ipi?

FundiRam
UPS. Na hiyo 12400, kabla hajalipa, akutumie picha ya kioo jina la prosesa lionekane lote.

Nyundo wa Thika
SSD. Umeme ukikatika utaanza upya, lakini diski nzito utaishi nayo kila siku. Na bado nasema Z440.