Huyu mwongozaji wa wikiendi ya milango wazi ana nini na sisi watu wa kawaida?

Nguzo Pembeni (mleta uzi):

Wakuu, nimetoka sasa hivi kwenye wikiendi ya majengo kufunguliwa bure, sijavua hata viatu. Simtaji mtu. Mnamjua. Kila mwaka yupo, beji kifuani, shingo imesimama utadhani ndiye aliyemwaga zege la msingi. Ukisikia "tusogee, tusogee, msiguse ukuta" ujue ni yeye. Ukuta anauongelesha kwa upole kuliko binadamu.

Foleni yenyewe watu wamezeekea pale. Kuna kijana aliingia kwenye foleni hana ndevu, tunafika mlangoni anatafuta wembe. Nikavumilia, bure ni bure. Tukaingia ndani: juu kuba kubwa, katikati hakuna nguzo hata moja. Nikanyoosha mkono kwa adabu zangu zote, "Samahani, hili kuba linashikiliwa na nini?"

Akanitazama kuanzia viatuni, akapanda taratibu mpaka usoni. Kisha akaligeukia kundi: "Kuna mwingine mwenye swali la maana?"

SWALI LA MAANA. Mbele ya watu. Chini ya kuba! Mnajua kuba linavyofanya na sauti? "Maana... maana... maana..." Nimetukanwa mara moja, nimesikia mara sita.

Mwenye swali la maana akapatikana, jamaa wa skafu, akauliza jengo "linazungumzaje na anga". Linazungumzaje na anga! Akajibiwa robo saa nzima, mikono inapaa hewani.

Na wakati kuba kushikiliwa na nini ndiyo kazi yenyewe! Kuba linasukuma kuta kwenda nje, kuta zikilegea limekwisha. Hagia Sophia, lile kanisa la kale la Istanbul, ilifunguliwa mwaka 537, mwaka 558 kuba likaja chini. Lile la Mtakatifu Petro kule Roma lilipiga nyufa mpaka miaka ya 1740 wakaliongezea mikanda ya chuma. Hao nao walikosa swali la maana? Kuba linakushukia kichwani, wewe unaliuliza linazungumzaje na anga?

Siendelei, nitavunja kitu. Ila jamani. "Mwingine mwenye swali la maana." MWINGINE wa nini sasa, kama langu halikuwa na maana?

Kokoto:
Nimekaa siti ya mbele.

Bawaba:
Pole sana mkuu. Sasa tukuulize kitu au tusubiri mwenye swali la maana?

Ngazi ya Nyuma:
Huyo huyo! Mwaka jana aliniambia nisipumue karibu na michoro ya ukutani. Nikabana pumzi vyumba viwili. Cha tatu nikatoka nje, bora uhai.

Mpimaji:
Mleta uzi unatufunga kamba. Nilikuwepo. Hukusema "linashikiliwa na nini". Ulisema "hili dude halituangukii?" Na simu yako ilikuwa imeshaita mara mbili.

Nguzo Pembeni:
Maana ni ile ile! Na simu kuita si hoja. Hoja ni kwamba nimedhalilishwa na mtu mwenye beji ya karatasi.

Bawaba:
"Hili dude" 😂😂 Mkuu ulienda na adabu zako zote kweli.

Tiketi Hewa:
Nyie angalau mliingia. Mimi kila jengo zuri nakuta "nafasi zimejaa". Open House London ilianza 1992 kwa wazo zuri kabisa, kila mtu aone ndani ya majengo ya mji wake. Nenda sasa uulize namba 10 Downing Street, kwa waziri mkuu wa Uingereza, inavyopatikana: nafasi zake zimekuwa zikitolewa kwa bahati nasibu. Yaani mlango uko wazi, wewe ndiye umefungwa. Na bahati nasibu haijawahi kunijua kwa jina.

Mkongwe wa Matofali:
Naweka rekodi sawa. Mambo haya hayakuanzia London. Ufaransa walianza 1984, Jack Lang akiwa waziri wa utamaduni, ndipo Ulaya nyingine ikafuata. Toronto walianza 2000, New York 2003, Chicago 2011.

Kokoto:
Kuna mwingine mwenye rekodi ya maana?

Kiti Mwendo:
Mnalilia kuba. Mimi natembelea kiti cha magurudumu. Kila jengo nikifika, ngazi mlangoni, na juu ya ngazi mtu mwenye tabasamu ananiambia "karibu, unaweza kuangalia picha kwenye kijitabu". Picha si ningeziangalia nyumbani nikiwa nimelala? Jengo likiwa la zamani sana, angalau mtandaze mbao mbili. Mafundi waliojenga makuba bila mashine washindwe na mteremko wa mlangoni?

Ngazi ya Nyuma:
Hapa umegonga ndipo. Hii ndiyo ilitakiwa kuwa uzi.

Nguzo Pembeni:
Nakubaliana na wewe dada, au kaka, ila tusisahau kilichonipata mimi.

Mwenye Nyumba:
Kaeni kimya nyote, niliyeonewa ni mimi. Nilishawishiwa nifungue NYUMBA YANGU kwa hiyo wikiendi. Msanifu akaniambia watu watakuja kuona mwanga unavyoingia sebuleni asubuhi. Hakuna aliyeangalia mwanga. Wameangalia friji. Mama mmoja akafungua kabati la chumbani, akalifunga polepole, akamwambia mumewe, "Na hata hawakunji."

Bawaba:
Lakini mnakunja?

Mwenye Nyumba:
Hatukunji. Si hoja.

Tiketi Hewa:
Nyumba hiyo niliikosa! Nilikuwa wa kwanza kwenye orodha ya akiba!

Mpimaji:
Kwa kuwa mleta uzi bado analia, nimjibu. Pantheon, hekalu la kale la Roma: kuba lina upana wa mita 43.3, zege lisilo na nondo hata moja, na juu kabisa lina tundu lililo wazi. Mvua ikinyesha inaingia, sakafu ina vitundu vya kupitisha maji. Lina karibu miaka 1,900. Siri ni uzito. Chini zege ni nene na kokoto zake nzito, kadiri linavyopanda linakuwa jembamba na lenye mawe mepesi, na ukuta wa chini una unene wa mita 6 unaopokea ule msukumo.

Nguzo Pembeni:
KUMBE UNAJUA! Ulikuwa umesimama pale pale! Kwa nini hukunitetea?

Mpimaji:
Nikaulizwe na mimi kama nina la maana? Nina familia.

Kokoto:
😂😂😂

Mkongwe wa Matofali:
Na Hagia Sophia walilijenga upya kuba likiwa refu zaidi, wakamaliza 562. Linapokuwa la mwinuko mkubwa linasukuma kuta kidogo kuliko lile la kubonyea.

Bawaba:
Mzee, hebu tuachie kidogo. Mwenye Nyumba, hiyo friji ina milango mingapi?

Nguzo Pembeni:
Turudini kwenye mada jamani.

Mwenye Nyumba:
Miwili. Na mwakani sifungui, msijisumbue.

Tiketi Hewa:
Kwenye orodha ya akiba mimi bado ni wa kwanza au wameanza upya?